Saa nane mchana: kisa cha mwanafunzi aliyelala hadi magharibi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja jijini Mwanza. Ameniruhusu kukiandika ili wanasihi wenzangu, walezi wa hosteli na wanafunzi wenyewe wakitumie. Nimeondoa jina lake, kozi, mwaka kisa kilipotokea na kijiji anakotoka, na mambo mawili madogo nimeyabadilisha makusudi ili hata waliosoma naye wasimtambue. Humu nitamwita K. Mimi ndiye mnasihi niliyekuwa nikikutana naye kwa muhula mmoja na ushee.

Kilichomleta ofisini ni tesiti. Ilipangwa saa 9 alasiri, akaijua siku nne kabla, akaisomea. Saa 7 mchana akatoka darasani, akala, akapita geto "kujinyoosha kidogo". Alizinduka adhana ya magharibi ikilia.

Usuli

K ana miaka 22 na anatoka familia ya wavuvi wa dagaa ufukweni mwa Ziwa Victoria. Naomba msomaji asilipite hili haraka. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mitumbwi inatoka jioni, taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinavutwa. Alfajiri mzigo unashushwa, akina mama wanaanika mchangani au kwenye chanja, na wanaume wanakwenda kulala. Mbalamwezi ikiwa kali, kazi inasimama kwa siku kadhaa, kwa sababu taa haifui dafu mbele ya mwezi. K amekulia mahali ambapo mwanamume mzima anayekoroma saa 6 mchana hana kasoro yoyote, na watoto ndio wanaokemewa wasipige kelele. Tangu sekondari, kila likizo aliingia ziwani na baba yake na kaka zake, na mchana akalala kama wao.

Chuoni hakuna aliyeyajua hayo. Walichokiona ni kijana anayelala kupita kiasi. Mhadhiri mmoja alimwita mvivu mbele ya darasa zima. Wenzake wa kundi la majadiliano, ambalo lilikutana saa 10 jioni, walimpachika jina la utani ambalo silirudii hapa kwa kuwa lingemtambulisha. Baadaye wakaacha hata kumpa kipande cha kazi ya kundi.

Chumba alichopanga na mwenzake kiko mlimani, katikati ya mawe, bati juu bila dari. Kila mmoja ana kitanda cha futi tatu na nusu. Kuna jiko la gesi, feni moja, na kiti kimoja cha plastiki ambacho kazi yake wakati huo ilikuwa kubeba nguo zilizofuliwa. Kwa hiyo kitandani ndiko K alikokula, alikosoma, alikochati, alikotazama mpira na alikolala. Nilipomuuliza anasomea wapi alinijibu, "Kitandani, madam. Kwingine wapi?"

Siku yake ilikwenda hivi. Vipindi vilianza saa 1 na nusu asubuhi na siku nyingi viliisha saa 7 mchana. Akishakula kwa mama ntilie alikuwa kitandani kabla ya saa 8, na aliamka saa 11 na nusu au 12 jioni, kichwa kizito, mdomo mchungu, hasira karibu. "Naamka nimechoka kuliko nilivyolala," alisema. Alioga, akashuka kijiwe cha kahawa, akarudi saa 3 usiku. Msuli, yaani kujisomea, aliupiga kidogo saa 4. Ikifika saa 6 usiku, bando la usiku, lile la bei chee, linaanza kufanya kazi, na kwa K hapo ndipo siku ilipochangamka: kupakua desa (notisi za masomo), video za masomo na zisizo za masomo, mechi za marudio, makundi ya WhatsApp. Alilala saa 9 usiku na ushee. Alamu ilimwamsha saa 12 na nusu asubuhi.

Alishajaribu kujitibu. Aliweka alamu tatu, akazizima zote tatu bila kukumbuka. Alikunywa enaji, akawa halali usiku kabisa na mchana analala vilevile. Alimwomba mwenzake amwagie maji. Mwenzake akatii, godoro likalowa, wakanuniana wiki nzima. Aliweka nadhiri ya kutolala mchana kamwe, na hiyo ilifika Jumatano.

Hesabu iliyobadilisha swali

Kabla ya ushauri wowote nilimpa daftari dogo. Aandike saa aliyolala na saa aliyoamka, usiku na mchana, kwa wiki moja, bila kubadilisha chochote. Wanafunzi wengi hulidharau zoezi hili. Yeye alilijaza vizuri, pengine kwa sababu lilikuwa jambo la kwanza aliloagizwa ambalo halikumtaka aache kitu.

Tukajumlisha pamoja. Usiku wastani ulikuwa saa 3 na nusu. Mchana, saa 3 na nusu. Jumla saa 7 kwa siku, isipokuwa Jumapili zilipofika 9. Hakuamini, akatoa simu akajumlisha upya.

Kwa mtu mzima, kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa usingizi ni saa 7 au zaidi kwa siku. K hakuwa analala kupita kiasi. Alikuwa analala kiasi kile kile cha watu wengine, ila ameukata usingizi vipande viwili, na kimoja amekiweka juu ya vipindi vya jioni, tesiti na majadiliano. Swali likabadilika. Halikuwa tena "namna gani nimzuie kulala mchana," bali "namna gani saa 3 na nusu za mchana zirudi usiku." Ukilichukua swali la kwanza, unamnyang'anya mtu nusu ya usingizi wake na kumwambia ajikaze. Nadhiri yake ilianguka Jumatano kwa sababu hiyo.

Uamuzi wa kwanza: maabara

Kijana aliyekulia ziwani, anaoga ziwani, anachota maji ziwani, na anasema amechoka mfululizo, hapaswi kupewa ushauri nasaha peke yake. Kichocho cha tumbo kimejaa ukanda huu, na pamoja na malaria na upungufu wa damu huleta uchovu ambao hakuna ratiba itakayouondoa. Nilimwandikia aende kituo cha afya kupima damu, malaria na choo.

Malaria haikuonekana. Mayai ya kichocho yalionekana kwenye choo. Hemoglobini ilikuwa chini kidogo ya gramu 13 kwa desilita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukitumia kutambua upungufu wa damu kwa wanaume. Si ya kutisha, lakini si nzuri. Alipewa praziquantel, ambayo hupimwa kwa uzito wa mwili, kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na vidonge vya madini ya chuma. Alitapika kidogo siku ile, akalalamika kwamba vidonge vya kichocho ni vikubwa na vichungu, akamaliza dozi.

Hili linaleta ugumu kwenye uchambuzi na nitalirudia.

Mpango na sababu zake

Nilimweleza K jinsi usingizi unavyoendeshwa, kwa sababu mtu anayejua sababu hadanganyiki kirahisi na mwili wake. Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély wa Zurich aliyaweka pamoja mambo mawili. La kwanza ni uzito wa usingizi, unaojikusanya tangu dakika unapoamka. Kemikali iitwayo adenosini ni mojawapo ya vinavyouongeza. La pili ni saa ya mwili, inayofuata zaidi mwanga. Anayelala mpaka magharibi ameumaliza uzito wake wote. Ni sawa na kula sahani ya chipsi saa 11 jioni halafu kushangaa kwamba chakula cha saa 2 usiku hakipandi.

Kwa hiyo nguzo ya mpango haikuwa mchana. Ilikuwa asubuhi. Tulikubaliana kuamka saa 12 na nusu siku zote saba, hata kama amelala saa 10 usiku, hata Jumapili, na ndani ya nusu saa awe nje kwenye mwanga. Mwanza iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua halibadilishi ratiba sana: mwaka mzima huchomoza kati ya saa 12 na dakika 20 na saa 1 asubuhi. Hakuna msimu wa kusingizia giza.

La pili lilihusu mahali. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin wa Marekani alieleza tiba inayokirudisha kitanda kwenye kazi yake ya kulaza watu tu. Kwa K, kitanda kilikuwa maktaba, mgahawa na ukumbi wa sinema. Tukaamua nguo ziondoke kwenye kiti cha plastiki, kiti kikae mlangoni palipo na mwanga, na kusoma kufanyike hapo au chuoni. Muhimu kuliko yote: akitoka darasani saa 7 asirudi geto mpaka saa 11 jioni. Sikumwambia asilale. Nilimwambia asipande mlima.

Alibisha hapo. Alisema amesikia kulala mchana ni afya, hata wakubwa wanalala. Ni kweli, na nilimpa mfano mzuri kuliko wake: mwaka 1994 NASA ilitoa matokeo ya utafiti wa marubani wa safari ndefu waliopewa fursa ya dakika 40 kupumzika kwa zamu, wakalala kwa wastani wa dakika 26, wakawa macho zaidi kuliko wasiolala. Lakini dakika 26 si saa 3 na nusu. Baada ya nusu saa hivi mtu huanza kuzama kwenye usingizi mzito, na mwenye deni la usingizi huzama mapema zaidi. Ukimwamsha akiwa humo, akili hubaki na ukungu kwa nusu saa, pengine saa nzima. Kile kichwa kizito cha K kila jioni ndicho hicho. Tukamruhusu dakika 20, kabla ya saa 9 alasiri, akiwa ameketi kwenye kimbweta (meza na viti vya kusomea nje), kichwa juu ya mikono, alamu mfukoni.

Kahawa ikasogezwa. Kafeini huziba njia ya adenosini, na nusu yake hubaki mwilini kwa saa 5 hivi. Kikombe cha kijiweni saa 2 usiku bado kina nguvu saa 7 usiku. Sikumkataza kijiwe, maana pale ndipo alipokuwa na marafiki. Nilimkataza kikombe. Akawa ananunua kashata, anakaa nazo.

Likabaki bando la usiku. K ni mtoto wa mvuvi, bumu lake, posho ya mkopo wa wanafunzi, linaisha kabla ya mwezi, na bando la mchana ni ghali kwake. Kumwambia aache ni kumwambia asisome. Tukakubaliana simu ipakue yenyewe: kabla ya kulala apange anachokitaka, aiweke juu ya jiko la gesi mbali na kitanda, asubuhi akute imemaliza.

Yaliyotokea

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, kama nilivyomwonya. Aliamka saa 12 na nusu, akashinda chuoni, akasinzia kwenye kipindi mpaka kalamu ikachora mstari mrefu kuvuka ukurasa; alikuja kunionyesha daftari. Saa 8 mchana ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Mwili wa binadamu hulegea mchana hata usipokula, na K alikuwa anakula sawasawa. Siku ya pili alimwambia mama ntilie wake ampunguzie ugali.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana mama, nataka nisilale."

"Ugali haulazi mtu. Ni uvivu tu," akamwambia, lakini akamega nusu, akaongeza kipande cha sato ili asilalamike. Aliendelea hivyo muhula mzima bila kupandisha bei. Nimefanya kazi hii muda mrefu na bado naamini akina mama ntilie wanawajua wanafunzi kuliko sisi tulio maofisini.

Alhamisi alipanda geto "kuchukua chaja". Chumba kilikuwa na joto, feni inazunguka, kitanda kimetandikwa. Aliamka saa 12 jioni. Usiku ule usingizi ukagoma mpaka saa 10. Hapo ndipo mpango ulipopimwa. Mazoea yake, na mazoea ya wengi wetu, ni kufidia: Ijumaa asubuhi aache kipindi cha kwanza, alale mpaka saa 4. Hakufanya hivyo. Aliamka saa 12 na nusu akiwa amelala saa mbili na nusu tu, akaenda darasani kama mlevi, akashinda hivyo hivyo, na Ijumaa saa 4 usiku akaanguka kitandani. Alilala mpaka alamu. Ilikuwa mara ya kwanza kwenye daftari lake usiku kuzidi saa 8.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kusuasua lakini yakaelekea upande mmoja. Muda wa kulala ulirudi saa 7 usiku, kisha saa 6, ukatulia karibu na saa 5 na nusu usiku. Saa za mchana zikapungua zenyewe. Siku za umeme kukatika jioni zilimsaidia, jambo ambalo sikulipanga. Mvua kubwa zilimharibia: vimbweta vyote vya chuo viko nje, maktaba hujaa, na mara mbili alipanda geto, akalala mchana.

Sehemu ya simu haikufanya kazi. Kuiweka juu ya jiko kulimaanisha hatua tatu tu kutoka kitandani, na usiku mechi inapochezwa hatua tatu si kitu. Karibu nusu ya usiku alizoandika katika mwezi wa kwanza zilikuwa na alama yake mwenyewe ya "simu". Kilichosaidia kilitoka kwa mwenzake wa chumba, yule wa ndoo ya maji. Walinunua saa ndogo ya mezani sokoni, simu zote mbili zikawa zinalala chumba cha jirani anayesoma mwaka wa tatu, ambaye alizikubali kwa sharti la kupakuliwa mechi zake pia. Huwezi kuandika mpango wa namna hiyo ofisini.

Katikati ya muhula baba yake alipiga simu, akasikia habari za "matibabu ya usingizi", akacheka. K alinisimulia alichosema: huku sisi tunalala mchana miaka yote na ziwa halijatukimbia. Nilimwambia K baba yuko sahihi. Ila baba analala mara moja, asubuhi mpaka mchana, na anafanya hivyo msimu mzima wa giza. Baba hana zamu mbili. K alikuwa mvuvi usiku na mwanafunzi asubuhi, bila mashua.

Matokeo

Kufikia mitihani ya mwisho wa muhula K alikuwa analala wastani wa saa 7 kila usiku, na mchana dakika 20 hadi 30 siku tatu au nne kwa wiki, siku nyingine hapana. Alirudi kwenye kundi la majadiliano, ingawa ilibidi aombe. Wiki ya mitihani, darasa lilipokuwa linakesha, yeye alilala saa 6 usiku, na alipata taabu zaidi kuwaeleza wenzake kuliko kufanya mtihani.

Somo la ile tesiti alishika sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa kuwa alama ya tesiti haikuwepo. Sapu aliifaulu. Somo jingine lilimshinda kabisa, akalibeba mwaka uliofuata. Siwezi kudai kwamba usingizi ndio uliomwangusha wala kwamba kulala vizuri kungemvusha. Lilikuwa somo gumu na aliingia nalo akiwa na mapengo ya muhula mzima uliopita.

Likizo alirudi kijijini, akaingia ziwani. Kwa majuma kadhaa akawa tena mtu wa usiku, safari hii kwa kazi halali. Aliporudi chuoni usingizi wa mchana ulikuwa umemngoja.

Uchambuzi

Kitu kilichobeba mpango huu ni saa ya kuamka. Ukiangalia daftari lake, wiki alizoshika saa 12 na nusu siku saba, mchana ulijirekebisha hata simu ilipomshinda. Wiki alizoacha Jumapili ajilalie mpaka saa 4 asubuhi, Jumatatu saa 8 mchana alikuwa hoi. Wanafunzi huja wakitaka dawa ya saa 8 mchana, kwa sababu hapo ndipo wanapoona aibu. Ukiwapa dawa ya hapo watarudi baada ya wiki.

Mahali pamesaidia kuliko utashi. K hana utashi dhaifu; kijana anayevuta nyavu usiku kucha hawezi kuitwa hivyo. Lakini akiwa mbele ya kitanda kilichotandikwa, saa 8 mchana, shibe tumboni, karibu kila mara alilala. Akiwa kwenye kimbweta, karibu kila mara hakulala zaidi ya nusu saa, kwa sababu shingo inauma na watu wanapita. Chuo ambacho hakina sehemu yenye paa ambapo mwanafunzi wa kupanga anaweza kukaa kati ya saa 7 na saa 11 kinawarudisha wanafunzi vitandani kila mvua inaponyesha. Hili si la K kulitatua.

Dakika 20 zina kasoro yake. Mwanzoni, deni likiwa kubwa, zilikuwa hatari. Mara kadhaa alamu ililia mfukoni asiisikie, akachelewa kipindi cha saa 9. Zilianza kumfaa baada ya wiki nne au tano, usiku uliposhiba. Mwanafunzi mwenye deni kubwa kama lake ni afadhali atembee saa 8 mchana kwa majuma mawili ya mwanzo, hata mpaka sokoni na kurudi, kuliko kufumba macho.

Kuhusu kichocho: dozi na ratiba vilianza karibu wiki moja. Siwezi kutenganisha kipi kilifanya nini. Kinachonifanya niamini ratiba ilikuwa na mchango wake ni mambo mawili. Kwanza, Jumapili moja ya kulala ilitosha kuharibu Jumatatu, na minyoo haijui Jumapili. Pili, alipotoka likizo hali ilimrudia na ikaondoka kwa ratiba ile ile. Ingawa, kwa kuwa likizoni aliingia ziwani tena, nilimrudisha kupima, na hakuonekana na kitu.

Neno "mvivu" liligharimu muda. K alikaa karibu mwaka mzima akiamini tatizo lake ni tabia mbaya, na mtu anayeamini hivyo huficha. Alikuwa anawaambia wenzake ana shughuli mjini saa 10 jioni. Kama yule mhadhiri angemuuliza swali moja tu, "usiku unalala saa ngapi?", pengine tungeanza mapema.

Kisa hiki hakimhusu nani

Mpango huu ulimfaa mtu aliyekuwa analala kwa saa 3 na nusu tu kila usiku. Anayelala kwa muda wa saa 8 au 9 kila usiku na bado mchana anazidiwa ana jambo jingine, na daktari ndiye wa kuonwa. Hivyo hivyo anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, anayelegea viungo ghafla akicheka, au anayelala kwa sababu hataki kuikabili siku. Huyu wa mwisho tunakutana naye mara nyingi kuliko tunavyokiri, na kumwondolea usingizi kabla ya kuushughulikia moyo wake ni kumwacha bila pa kujificha. Wakati wa Ramadhani pia, kwa wanaoamka daku, hesabu nzima inabadilika na dakika 20 hazitatosha.

Alipofikia

Kwa likizo zilizofuata K alijitungia utaratibu wake, na ni bora kuliko nilioutunga mimi. Hakai kambini mpaka siku ya mwisho. Anaacha kuingia ziwani mwezi unapoanza kung'aa, maana siku hizo hata baba yake yuko nyumbani, na anazitumia kuanza kuamka saa 12 na nusu. Akikuta giza limeangukia mwisho wa likizo, anakuja Mwanza siku tatu kabla ya vipindi, anapokea ile saa ya mezani kutoka kwa mwenzake, na siku ya kwanza anashinda soko la samaki la Mwaloni akimsaidia shangazi yake kupakia magunia ya dagaa mpaka saa 11 jioni. Shangazi anamlipa nauli na chakula.